Samaki Wapya Wakiugua, Tazama Maji Kwanza

Haya ni maneno ya mazungumzo yaliyotolewa na afisa wa mawasiliano wa kaunti mbele ya wafugaji wapya wa samaki, Kwa Vonza. Tunayachapisha kwa faida ya wakazi ambao hawakuweza kufika.



Niseme mapema kwamba mimi ni afisa wa mawasiliano, si daktari wa samaki. Kazi yangu ni kuchukua yale ambayo maafisa wa uvuvi wanayaeleza kitaalamu na kuyaleta kwenu kwa namna ambayo mtu anaweza kuyatumia kesho asubuhi akiwa kando ya bwawa lake.

Kilio cha mfugaji mpya hufanana kila mahali: "Niliweka vifaranga, wakachangamka, wiki ya pili au ya tatu wakaanza kufa. Nipeni dawa." Jibu la wataalamu ni kwamba katika bwawa jipya, mara nyingi mgonjwa wa kwanza ni maji. Samaki wanatuonyesha tu. Ukitibu samaki ukaacha maji yale yale, umetupa pesa.

Jambo hili si dogo. Mwaka wa 2009 serikali ya kitaifa ilianzisha mpango wa kufufua uchumi ambao ndani yake kulikuwa na ufugaji wa samaki: mabwawa 200 katika kila eneo bunge, kwa maeneo bunge 140, kila bwawa la mita 300 za mraba. Mabwawa mengi ya wakati ule yaliachwa baadaye. Mtu akipoteza vifaranga wake wa kwanza, ni vigumu kurudi kununua wengine. Hatutaki mashimo yenu yageuke kuwa mahali pa kuzaa mbu.

Kwa nini bwawa jipya ni hatari

Samaki hula, hunya na hupumua katika maji yale yale. Kinyesi chake na chakula kilichobaki hutoa sumu iitwayo amonia. Katika bwawa lililokomaa kuna bakteria wazuri wanaoishi kwenye kingo, mawe na tope. Hao huigeuza amonia kuwa nitraiti, ambayo pia ni sumu, kisha wengine huigeuza nitraiti kuwa nitreti, ambayo haina madhara makubwa na tena ni mbolea ya mimea.

Bwawa jipya halina bakteria hao wa kutosha. Huchukua kama wiki nne hadi sita kuongezeka. Sasa mfugaji akijaza maji Jumatatu, akaweka vifaranga Jumanne, na kuwamwagia chakula kwa mikono miwili, sumu inaongezeka na hakuna wa kuiondoa. Hata wanaofuga samaki wa mapambo wa baharini kwenye matangi ya kioo hukutana na tatizo hili hili. Tofauti ni ukubwa wa chombo tu.

Hapa kwetu kuna jambo la kuzingatia zaidi. Amonia huwa kali zaidi maji yakiwa ya joto na yenye magadi. Jua letu mnalijua, na maji ya visima vingi vya Kitui yana chumvichumvi. Chumvi kidogo haiwadhuru tilapia, na hata huwakinga kiasi na ile nitraiti. Lakini usikisie. Kabla ya kununua vifaranga, peleka maji ya kisima chako yakapimwe.

Wote pamoja, au mmoja mmoja?

Ukiona tatizo, usikimbilie duka la dawa. Simama kando ya bwawa ujiulize: wanaumwa wote kwa pamoja, au mmoja mmoja?

Wakidhoofika wote kwa wakati mmoja, wakakataa chakula, wakapanda juu na kuhema wakiwa wamefungua midomo, shuku maji. Wakiugua mmoja mmoja, mwingine ana kidonda, mwingine amekatika mapezi, mwingine ana kitu kama pamba mwilini, hapo kuna ugonjwa. Hata hivyo maji yachunguzwe, kwa sababu samaki aliyechoshwa na maji mabaya ndiye anayeshikwa na ugonjwa upesi.

Tazama pia saa. Wakihema alfajiri na kutulia jua likishapanda, oksijeni imepungua. Ule ukijani wa majini hutoa oksijeni mchana, lakini usiku nao huitumia. Kwa hiyo saa ya hatari ni kabla ya jua kuchomoza. Oksijeni ikiisha, samaki wakubwa ndio hutangulia kufa. Lakini wakihema mchana kutwa, au matamvua, yaani mashavu wanayopumulia, yakawa ya rangi ya kahawia, fikiria sumu niliyoitaja.

Wenye kambare wasishtuke bure. Kambare aliyekua ana uwezo wa kuvuta hewa ya juu, kwa hiyo kupanda juu mara moja moja ni tabia yake.

Mnamo Novemba 2022 wafugaji wa samaki wa vizimba katika Ziwa Victoria, upande wa Kisumu, walipata hasara kubwa kwa muda mfupi. Wataalamu walieleza kwamba oksijeni ilikuwa imepungua majini. Ikiwa ziwa kubwa kama lile linaweza kukosa hewa, sembuse bwawa la nyuma ya nyumba?

La kufanya asubuhi hiyo

Kwanza, acha kulisha. Samaki mzima anaweza kukaa siku moja au mbili bila chakula asidhurike. Chakula unachomrushia mgonjwa kinaoza na kuongeza sumu. Usiweke samadi pia.

Pili, yapatie maji hewa. Kama una pampu, vuta maji ya bwawa lenyewe uyarudishe kwa kuyarusha juu kama mvua. Kama huna, chota kwa ndoo na kuyamwaga kutoka juu, mkisaidiana nyumba nzima. Hili halihitaji hata tone moja la maji mapya.

Tatu, ondoa chakula kilichobaki, majani yaliyooza na samaki waliokufa. Usiwatupe mtoni, wala usiwape mbwa. Wazike mbali na bwawa, na uwamwagie chokaa.

Nne, badilisha sehemu ya maji, robo hivi. Usiyatoe yote, kwa sababu mabadiliko ya ghafla nayo huua. Maji ya bomba yenye dawa ya klorini yaache kwenye tangi lililo wazi siku moja au mbili kwanza.

Maji yetu ni ghali

Najua mnachofikiria hapo. Vitabu vingi husema "badilisha maji" kana kwamba kila mtu anaishi kando ya mto. Tupige hesabu. Bwawa la mita 10 kwa 5, lenye kina cha mita moja, lina lita 50,000. Robo yake ni lita 12,500, yaani mitungi 625 ya lita 20. Punda akibeba mitungi minne, hizo ni safari zaidi ya 150. Nani ana punda wa namna hiyo?

Ndiyo maana sisi wa nchi kavu tunalazimika kuwa waangalifu kuliko mfugaji wa Kisumu au Mwea. Kwetu kinga ndiyo rahisi. Weka samaki wachache: watatu kwa kila mita ya mraba wanatosha kwa anayeanza, yaani 150 katika bwawa hilo nililotaja. Lisha kile ambacho watakimaliza ndani ya dakika 10 au 15, kisha ukome. Kusanya maji ya mvua ya Oktoba hadi Desemba. Na maji unayotoa bwawani yasimwagike ovyo, kwa maana yana mbolea. Yaelekeze kwenye sukuma wiki, mchicha, mipapai au migomba. Ukifanya hivyo, lita moja itakuwa imefanya kazi mara mbili.

Kupima ukijani, ingiza mkono majini taratibu ukiwa umekunjua kiganja. Kiganja kikipotea kabla maji hayajafika kwenye kiwiko, ukijani umezidi. Punguza chakula na samadi.

Wenye vidonda na pamba

Samaki mwenye kidonda mtoe kwa wavu laini, usimshike kwa mikono mikavu, maana ule ute wa mwilini ndio ngao yake. Mweke peke yake katika beseni au tangi lenye maji ya bwawa. Akiwa na pamba au wadudu wa ngozi, kuogeshwa kwa chumvi husaidia: gramu 200 za chumvi ya kawaida ndani ya lita 20 za maji, kivulini, kwa dakika zisizozidi 10. Kaa naye. Akilala ubavu, mtoe hapo hapo umrudishe kwenye maji safi.

Na sasa nawaomba mnisikilize kwa makini. Dawa ya kuua bakteria uliyonunua kwa ajili ya ng'ombe au kuku, usiimwage bwawani. Inaweza kuwaua wale bakteria wazuri tuliowangoja wiki sita. Inabaki katika nyama ambayo watoto wako watakula na jirani yako atanunua. Na inawafundisha vijidudu kuizoea dawa, hata siku mtu akiugua isimsaidie. Dawa ya samaki itolewe na mtaalamu aliyemwona samaki. Aliyekufa kwa ugonjwa pia hauzwi, hata akipunguziwa bei.

Kabla ya vifaranga kufika

Jaza bwawa mapema, uyape maji wiki kadhaa ya kutulia. Anza na vifaranga wachache, na wiki za kwanza uwalishe kidogo. Nunua kwenye kituo kinachojulikana. Vifaranga wakifika, usiwamwage. Elekeza mfuko juu ya maji ukiwa umefungwa kwa dakika 15 hadi 20, joto lilingane, kisha ufungue na kuongeza maji ya bwawa kidogo kidogo, uwaache watoke wenyewe. Wavu na ndoo za jirani zioshwe na kukaushwa juani kabla ya kuingia kwako.

Ukija kuomba msaada

Fika ofisi ya kilimo ya wadi ueleze mapema, wakiwa bado watatu, si wakishakuwa mia. Chuo Kikuu cha SEKU nacho kiko hapa hapa kwetu, na elimu ya samaki hufundishwa pale. Ni jirani wa kuulizwa.

Njoo na majibu haya: maji yametoka wapi, bwawa lina wiki ngapi, samaki ni wangapi, wanakula nini na kiasi gani, walianza kufa lini na saa ngapi. Andika kwenye daftari hata la mtoto wa shule. Lete maji kwenye chupa safi na, ikiwezekana, samaki mgonjwa aliye hai ndani ya mfuko wenye maji. Aliyeoza hamwambii mtaalamu kitu.

Ufugaji wa samaki ni mgeni kwa wengi wetu. Babu zetu walimjua ng'ombe kwa kumtazama tu anavyotembea. Sisi nasi tujifunze kuyatazama maji, kila siku alfajiri, kabla hata ya chai. Bwawa lililotazamwa asubuhi, taabu yake huonekana mapema.

Mwenye swali, na aulize.