Kabla Gari Halijafika: Uhai wa Mama na Mtoto katika Zahanati za Katavi



Nimeombwa nizungumzie uboreshaji wa huduma za mama na mtoto mahali penye uhaba. Mada ni pana, kwa hiyo nitaibana. Nitazungumzia muda ule ambao mama ameanza kuvuja damu, au mtoto amezaliwa hajalia, na gari la wagonjwa bado liko njiani.

Mkoa wetu ulimegwa kutoka Rukwa mwaka 2012. Sensa ya mwaka huo ilihesabu watu 564,604. Ya mwaka 2022 ikahesabu 1,152,958. Tumezidi maradufu ndani ya miaka kumi: wafugaji na wakulima waliohamia kutoka Usukumani, wavuvi wa Ikola na Karema, wachimbaji wadogo wa dhahabu, na familia za Katumba na Mishamo zenye asili ya Burundi, ambazo nyingi zina uraia wa Tanzania tangu 2014. Zahanati na wakunga hawakuongezeka kwa kasi hiyo. Lami ya kwenda Tabora na Sumbawanga imetusaidia sana, lakini mama wa Karema bado yuko zaidi ya kilomita 100 kutoka Mpanda mjini, na masika mnayajua.

Mama anayevuja damu nyingi baada ya kujifungua anaweza kufariki ndani ya saa mbili. Mtoto asiyepumua anatakiwa asaidiwe ndani ya dakika ya kwanza. Kwa mama wa Karema, basi, wa kumwokoa ni mkunga aliyesimama mbele yake. Hospitali ya rufaa itampokea akiwa hai ikiwa tu mkunga huyo amefanya kazi yake na alikuwa na vya kuifanyia.

Karema ina historia yake katika jambo hili. Adrian Atiman, aliyetekwa utumwani utotoni Afrika Magharibi kisha akasomeshwa udaktari Malta, alifika hapo mwaka 1889 akatibu watu hadi kufariki kwake mwaka 1956. Lami haikuwepo, wala gari la wagonjwa. Tabibu alikuwa anaishi pale pale kwa wagonjwa wake, na hilo peke yake lilikuwa nusu ya huduma.

Takwimu za kitaifa zinatia moyo, ila tuzisome zote. Utafiti wa hali ya afya wa mwaka 2015-16 ulikadiria vifo vya uzazi 556 kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa 2022 ukakadiria 104. Lakini vifo vya watoto wachanga, wale wa mwezi wa kwanza, vilikuwa 25 kwa kila vizazi hai 1,000, na baada ya miaka yote hiyo vikawa 24. Akina mama wameitikia wito wa kujifungulia kituoni: asilimia 63 mwanzo, 81 baadaye. Kwa hiyo ule wimbo wetu kwamba jamii haina mwamko umeanza kuchuja. Mama amekuja. Tumemwandalia nini?

Tuanze na damu. Katika zahanati nyingi tunaikadiria kwa macho, tukitazama kanga na pedi zilizolowa, na macho hukadiria pungufu. Utafiti wa E-MOTIVE, uliochapishwa 2023 na kuhusisha hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania, ulitumia shuka la plastiki lenye mfuko na alama za vipimo, linalowekwa chini ya mama mara mtoto akishatoka. Damu ikifika kiwango cha hatari, tiba zote zinaanza kwa pamoja: kukanda mji wa mimba, sindano ya oksitosini, asidi ya traneksamiki, dripu, na kumkagua mama kujua damu inatoka wapi. Madhara makubwa ya kuvuja damu yalipungua kwa asilimia 60. Najua mtaniambia zile zilikuwa hospitali. Ni kweli, lakini kusoma alama kwenye mfuko hakuhitaji hospitali.

Oksitosini yenyewe inataka ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8. Katika joto la Mpimbwe, chupa iliyokaa kabatini miezi kadhaa inaweza kuwa imepoteza nguvu, na mkunga akamlaumu mama kwamba mji wa mimba umegoma. Jokofu la chanjo lipo, lakini wapo wanaoogopa kuiweka humo. Mashirika ya Umoja wa Mataifa yalishatoa tamko la pamoja mwaka 2019 kwamba inaweza kuhifadhiwa kwenye mfumo wa ubaridi wa chanjo, mradi ipangwe vizuri isichanganywe. Hili linamalizwa kwa barua moja ya mganga mkuu wa halmashauri.

Kwa mtoto, jirani zetu wa Tabora wana la kutufundisha. Tabora, Manyara, Geita, Shinyanga na Mwanza zilishiriki mpango wa Safer Births katika vituo 30. Wakunga walifanya mazoezi mafupi ya mara kwa mara palepale kazini, wakitumia mwanasesere, na kujifunza kumpa mtoto hewa kwa mfuko na barakoa. Vifo vya saa 24 za kwanza vilipungua kwa takribani asilimia 40. Nasema haya huku nikijua niko ukumbini: muuguzi aliye peke yake zahanati akija semina kama hii, chumba cha kujifungulia kinafungwa. Posho nyingi tunazolipa Mpanda mjini zingenunua mwanasesere na mafuta ya pikipiki ya msimamizi wa kumfuata mkunga alipo.

Usafiri usiachwe. Mfumo wa m-mama, wenye namba ya bure 115, hutumia madereva wa jamii pale gari la wagonjwa linapokosekana. Kwetu, wenye boti za ziwani nao waandikishwe.

Kuhusu mabinti nitakuwa mfupi, ingawa wanastahili semina yao. Mwaka 2015-16 asilimia 45 ya wasichana wa Katavi wenye miaka 15 hadi 19 walikuwa wamezaa au ni wajawazito, kiwango cha juu kuliko mikoa yote. Binti huyo kliniki hukaa benchi moja na mama wa watoto sita, mbele ya majirani. Atengewe mchana wake.

Fedha zipo kidogo, lakini zipo. Tangu 2017/18 sehemu ya fedha za afya huingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo, na kamati ya kituo ndiyo inayopanga matumizi. Naziomba kamati ziweke kwenye mpango wa robo ijayo mashuka ya kupimia damu, mfuko wa hewa wa pili na taa ya sola ya chumba cha kujifungulia, kabla ya rangi ya ukuta na bango la getini. Waheshimiwa madiwani nawaomba nyumba ya mkunga, ijengwe mahali ambapo akiitwa usiku anafika kwa miguu.