Mgeni Anarudi Kwao, Mtoto Anabaki

(Maneno tuliyosema mbele ya mkutano wa wamemba)



Mulituomba tuwaelezee kazi ya kujitolea kwa watoto tuliyofanya Guatemala, Amerika ya Kati. Wengi walituuliza: “Mulienda kutafuta nini mbali hivyo?” Kumbe kule tulikuta watu waliopita njia yetu.

Nchi ile ilikuwa na vita miaka 36, tangu 1960 mpaka 1996. Tume ya ukweli ilikadiria kwamba waliouawa au kupotezwa wanapita 200,000, na wengi wao ni Wamaya. Maelfu walivuka mpaka na kuingia Mexico. Kule kambini hawakungojea mwalimu atoke mbali. Walichagua vijana wao wenyewe, hata waliosoma kidogo, wakawapa kazi ya kufundisha. Tarehe 8 Oktoba 1992 wajumbe wa wakimbizi walitia sahihi mapatano na serikali yao juu ya namna ya kurudi, na tarehe 20 Januari 1993 kundi la kwanza likarudi.

Sisi tulifanya kazi karibu na Quetzaltenango, mji wa milimani wenye baridi. Watoto wanaenda masomo asubuhi. Mchana wanakuja kituoni kusoma, kufanya hesabu na kula. Chakula kile si kitu kidogo, juu katika nchi ile karibu nusu ya watoto wenye chini ya miaka 5 wamedumaa kwa kukosa lishe. Nyumbani wengi wanasema K'iche' ao Mam, lakini kwenye kalasi ni Kispanyola. Mtoto mwenye akili ananyamaza tu, juu hawakumuuliza kwa luga yake. Hilo tunalijua hapa kwetu. Mtoto aliyesomea Zambia ao Uganda kwa Kiingereza anarudi, anakaa nyuma kabisa ya kalasi ya Kifaransa, wanasema ni mjinga.

Sasa tuseme juu ya wajitoleaji. Mji ule uko na shule nyingi za kufundisha wageni Kispanyola, na wageni hao wanakuja kusaidia watoto juma mbili, juma tatu. Wako na roho nzuri, hatuwasemi vibaya. Lakini mtoto anamuzoea mgeni, Ijumaa mgeni anaaga, Jumatatu anakuja mwingine. Tuliona watoto wadogo walioacha hata kuuliza jina la mgeni.

Aliyejua nani ameanza kusoma, nani hajala tangu jana, nani baba yake amekwenda Marekani kutafuta kazi, ni mwalimu wa palepale, mama mmoja anayesema K'iche'. Wageni waliosaidia kweli ni wale waliomwuliza yeye asubuhi: “Leo tufanye nini?” Mmoja alipanga vitabu, mwingine alitengeneza mabati ya paa. Walipoondoka, kazi haikusimama.

Wandugu, tunayasema haya kwa sababu. Kituo chetu cha watoto waliorudi kimepata maombi ya wageni wanaotaka kuja, na hiyo ni furaha. Lakini tangu mwaka wa masomo uanze, walimu wetu wawili wameacha kazi kwa kukosa prime, wamekwenda kwenye machimbo. Tukipokea wageni na kupoteza walimu, tutakuwa tumejenga nini?

Kwa hiyo tunaomba komite ipitishe masharti matatu:

1. Kila mgeni afanye kazi chini ya mwalimu wa hapa, akae miezi mitatu ao zaidi.
2. Alete hati ya polisi ya kwao, na asiachwe peke yake na mtoto.
3. Kila mgeni anayekuja, sehemu ya pesa ya safari yake ijazie prime ya walimu.

Ninyi wafadhili, tikiti moja ya ndege inaweza kulipa mwalimu wetu miezi mingi. Mukija kututembelea, karibuni sana, tutawapikia bugali na samaki. Lakini mukichagua kati ya kuja na kumshika mwalimu asiondoke, mushikeni mwalimu kwanza.

Kura itapigwa katika mkutano ujao. Musikose.