Hofu ya Mtoto Haimtoki kwa Fimbo



Juma hili nataka tuzungumze juu ya ugonjwa usio na kikohozi wala homa. Ni hofu ya mtoto. Sisemi ile hofu ya giza au ya mbwa wa jirani, ambayo huwajia watoto na kupita. Nasema hofu inayokaa, ikamnyima mtoto usingizi, chakula na shule.

Kwetu tuliiona. Mtoto wa kaka yangu, akiwa darasa la pili, alianza kuumwa tumbo kila asubuhi ya siku ya shule. Jumamosi na Jumapili tumbo lilipona. Baba yake akasema huo ni utoro, akachukua fimbo, maana mcha mwana kulia hulia yeye. Bibi yake akamwonea huruma, akambakiza nyumbani na kikombe cha uji. Mimi nami sikuwa bora: niliandika barua mbili kwa mwalimu kwamba mtoto ni mgonjwa. Fimbo ilimwongezea hofu. Uji na barua zangu vilimfundisha kuwa shule kweli ni mahali pa hatari, na usalama uko jikoni kwa bibi. Muhula ukakaribia kwisha.

Tabibu wa zahanati alimpima, hakuona ugonjwa wa tumbo. Akamuuliza jambo ambalo hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amemuuliza: ilianza siku gani? Ndipo tukajua. Mtoto alisimamishwa ubaoni asome, akakwama, darasa zima likacheka.

Ndugu wasikilizaji, wataalamu wamelichunguza jambo hili kwa miaka mingi. Mwaka 1924 mwanasaikolojia wa Marekani, Mary Cover Jones, alieleza habari za mtoto aliyemwita Peter, ambaye hakuwa ametimiza miaka 3 na alimwogopa sungura. Mama huyo hakumkemea mtoto, wala hakumwondoa sungura. Alimchezesha Peter pamoja na watoto wengine 3 wasiomwogopa mnyama huyo, huku sungura akisogezwa karibu kidogo kidogo. Baadaye akaongeza na chakula alichokipenda Peter. Mwishowe mtoto yule alimpapasa sungura bila woga.

Mwaka 1996, huko Australia, Paula Barrett na wenzake walitoa matokeo ya uchunguzi wa watoto 79 wa umri wa miaka 7 hadi 14. Kundi moja lilifundishwa kuikabili hofu bila wazazi, la pili pamoja na wazazi, la tatu lilingoja zamu. Mwaka mmoja baada ya tiba, katika kundi la kwanza watoto wapatao 70 katika kila 100 walikuwa wamepona. Waliotibiwa pamoja na wazazi walikuwa 95 katika kila 100. Niseme ukweli wote: baada ya miaka 6 hivi makundi hayo mawili yalilingana. Kwa hiyo familia si uchawi. Ila kwa mtoto wa miaka 8, mwaka mmoja ni darasa zima.

Wazazi wale walifundishwa nini? Kwanza, kumsifu mtoto anapothubutu, na kutokuza malalamiko yake. Pili, kuitawala hofu yao wenyewe, kwani mtoto husoma uso wa mama kabla hajasoma kitabu. Tatu, kuafikiana, mmoja asivute huku na mwingine kule.

Nasi tukafanya hivyo. Baba akaweka fimbo chini, bibi akaacha uji, mimi nikaweka kalamu. Tukawaomba watoto wawili wa jirani wampitie asubuhi. Hatukuwaambia kuwa mwenzao ni mgonjwa. Tuliwaambia wampitie rafiki yao, basi. Juma la kwanza aliishia langoni. La pili alikaa hadi mapumziko, katikati ya wale wawili. Mwalimu akakubali asome kwanza mbele yao hao tu. Mwezi wa pili alikaa siku nzima.

Mpaka leo akiitwa ubaoni viganja vyake hutoa jasho. Lakini huenda.

Mtoto asiyekula, asiyelala, au anayesema heri afe, apelekwe hospitali bila kuchelewa. Wataalamu wa magonjwa ya akili ya watoto ni wachache nchini mwetu, na hata akimpata mmoja, atakaa naye saa moja kwa juma. Saa nyingine zote yuko na sisi, na wenzake wa kucheza nao.

Basi kesho mwanao akisema tumbo linamuuma, na jana pia lilimuuma, mpeleke apimwe. Lisipoonekana la kutibu, usichukue fimbo, wala usiandike barua kama mimi. Kaa naye, umuulize: ilianza siku gani?