Joto la Giaboksi na Mlima Wetu

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani, wakiwapo wanafunzi wa sasa)



Kamati iliniomba nizungumze juu ya kazi ya Serikali, lakini niliona kwamba habari za mafaili zingewalaza usingizi kabla ya chakula. Nikaomba, nikaruhusiwa, nizungumze juu ya jambo dogo la mikono: namna nilivyofunga kipimajoto na rejeta ndogo ya oili kwenye giaboksi ya motokaa yangu. Mimi si fundi. Fizikia niliisoma hapa mpaka kidato cha sita, Chuo Kikuu nikasoma uchumi, na tangu hapo nimekuwa mtumishi wa umma.

Sote tuliofika leo tumepanda kutoka Mombo. Barabara ile ina urefu wa kilomita thelathini na kitu, kona juu ya kona, na mpaka Lushoto mtu amepanda karibu mita 1,000. Nimetazama uwanjani, motokaa nyingi zilizoegeshwa pale ni zile zilizotumika Japani kabla ya kufika kwetu, na nyingi ni za gia otomatiki. Kwa hiyo nadhani jambo hili si langu peke yangu.

Mama yangu anaishi huku juu, na kila mwezi hana budi kushuka Tanga kliniki. Motokaa yangu ndiyo miguu yake. Mwaka wa pili tangu niinunue, giaboksi ilianza kusitasita mlimani: injini inanguruma, mwendo hauongezeki. Fundi wa kwanza aliniambia kuwa hiyo ni tabia ya mlima, nisijali. Wa pili aliniambia ninunue giaboksi nyingine iliyotumika, upesi, na bei aliyonitajia ilikuwa mishahara ya miezi kadhaa. Sikukasirikia bei. Kilichonikera ni kwamba kati ya wawili hao hakuna hata mmoja aliyepima kitu chochote.

Mtasema mbele ya dereva kipo kipimajoto. Ndiyo, lakini kile hupima maji ya injini. Mshale unaweza kutulia katikati, mpole kabisa, huku oili ya giaboksi inaungua.

Sasa wadogo zangu, nifuateni kidogo. Kati ya injini na giaboksi ya otomatiki hakuna klachi ya kukanyaga. Kuna chombo cha mviringo kilichojaa oili, kiitwacho torki konvata. Injini huzungusha mapanga yanayoirusha oili, na oili ile hupiga mapanga mengine yaliyo upande wa giaboksi, nayo yakazunguka. Chombo hiki ni cha Mjerumani Hermann Föttinger, aliyekipatia hataza mwaka 1905, naye alikusudia kitumike katika meli. Sasa kumbukeni jaribio la James Joule la mwaka 1845, ambalo hata ninyi nina hakika mmelichora madaftarini: uzito unashuka, mapanga yanakoroga maji, maji yanapata joto. Torki konvata ni jaribio la Joule lililofungwa chini ya motokaa. Mapanga ya upande mmoja yanapozunguka upesi kuliko ya upande wa pili, tofauti ile haipotei, bali inakuwa joto.

Tupige hesabu ndogo. Tuseme injini inatoa kilowati 40 mlimani, na katika kila mia, kumi na tano zinapotea katika kukoroga. Hizo ni kilowati 6, kama pasi sita za umeme zilizowashwa ndani ya oili. Kama giaboksi ina lita 7 za oili, na joto lote likabaki humo, oili ingepanda nyuzi 30 hivi kwa kila dakika. Mkitoka hapa mwulizeni mwalimu wenu wa fizikia kama nimekosea. Barabarani tambarare, kwa mwendo wa haraka, motokaa nyingi zina klachi ndani ya konvata inayofunga pande zote mbili zikazunguka pamoja, na joto hupungua sana. Lakini kwenye kona zetu mwendo ni mdogo mno, na klachi ile aghalabu haifungi.

Basi nilianza na kipimajoto. Nilinunua cha umeme, chenye kihisi cha kupachika kwenye njia ya oili na saa ya kusomea karibu na usukani. Kihisi kinaweza kukaa kwenye sampo, yaani karai la chini, au kwenye bomba linalotoa oili kuipeleka kupozwa. Sampo huonyesha joto la oili iliyotulia. Bomba la kutokea huonyesha joto lilivyo linapotoka konvata, nalo hupanda na kushuka upesi. Mimi nilichagua sampo, kwa sababu hiyo ndiyo oili inayonyonywa na pampu kwenda kwenye klachi za ndani. Waya wa umeme uchukueni penye fyuzi na penye kuzimika funguo ikizimwa. Waya wa hasi ukazeni kwenye chuma kitupu, si penye rangi, ama sivyo saa itadanganya.

Nikapanda na motokaa yenye abiria watatu na gunia la mchele. Mombo saa ilisoma nyuzi 88 za sentigredi. Soni ilisoma 124. Kipimajoto cha maji hakikutikisika.

Mafundi wa giaboksi huhesabu nyuzi 80 mpaka 95 kuwa ni za kawaida. Zikifika kama 115, oili huanza kuacha utando mithili ya vanishi. Zikizidi 125, sili za mpira hukakamaa, na zikikaribia 150 pleti za klachi huteleza, na kuteleza huko huzaa joto jingine. Kwa hiyo nilikuwa mlangoni pa hatari. Nikamwaga oili, badala ya wekundu wake ilikuwa ya hudhurungi na yenye harufu ya kuungua. Nikaweka mpya ya aina ile ile iliyoandikwa na mtengenezaji, nikapanda tena na mzigo ule ule. Soni: 122. Oili mpya peke yake, basi, haikuwa dawa.

Ndipo nikafunga rejeta ndogo. Ijulikane kwamba motokaa nyingi tayari zina bomba la kupozea oili ndani ya rejeta ya maji. Kasoro yake ni kwamba maji yenyewe yana nyuzi 90 hivi, hivyo oili haiwezi kushuka chini ya hapo. Wapo wanaoshauri kuiruka rejeta ya maji kabisa. Mimi sikubaliani nao, maana asubuhi za baridi kama za huku juu maji yale huisaidia oili ipate moto upesi, na oili baridi mno nayo haifanyi kazi yake. Njia niliyofuata ni hii: oili itoke giaboksi, ipite rejeta ya maji, kisha rejeta ndogo, ndipo irudi.

Ili kulitambua bomba la kurudi, washeni injini ikiwa baridi na kupapasa kwa tahadhari. Linalotangulia kupata joto ndilo la kutokea. Rejeta ndogo niliifunga mbele ya kondensa ya kiyoyozi, kwenye vipande vya chuma vyenye raba, ikaachiwa nafasi ya upepo. Msikubali fundi aifunge kwa nyuzi za plastiki zinazopenya mapezi ya rejeta; mtikisiko wa barabara zetu utayakata. Mipira iwe ya oili ya moto, si ya maji wala ya petroli, na klipu zikazwe nyuma ya uvimbe wa bomba. Mpira ukichomoka, pampu itamwaga giaboksi nzima barabarani kwa muda mfupi sana. Mwisho pimeni oili upya penye tambarare, injini ikiwa na moto, maana rejeta na mipira imekwisha kumeza kiasi.

Safari ya tatu, abiria wale wale, gunia lile lile. Soni: 101. Nilipotia gia ya chini mapema, badala ya kuiachia giaboksi ichague yenyewe, ilikuwa 97.

Ndugu Mwenyekiti, nisidanganye watu. Rejeta haiponyi pleti zilizokwisha kuisha, na yangu bado husitasita kidogo ikiwa baridi. Siku moja itabidi ifunguliwe. Lakini mama ameshuka kliniki mara kumi na moja tangu wakati ule, na fedha za giaboksi bado ziko benki. Aidha, wenye giaboksi za mkanda, zile zisizo na hatua za gia, wasinakili kazi hii bila kusoma kitabu cha motokaa yao. Oili yake ni nyingine, na baadhi zina kipoozeo chake chenye thermostati.

Baada ya chakula boneti itakuwa wazi pale chini ya mkaratusi. Vijana wanaotaka kuona waje, na mwenye shati jeupe alivue kwanza.