Komanda akikuambia «nakupenda»
Maneno kwa vijana wa Dilala



Leo tuongee kitu ambacho watu wanakiongea chini-chini tu: mapenzi ya ofisa na askari wake. Ni jambo letu. Tangu Novemba 2022, Rais Tshisekedi alipoita vijana wajiunge na jeshi juu ya vita ya M23, kuingia jeshi kumekuwa mazungumzo ya kila avenue, kwa wavulana na kwa wasichana. Na tunajua: kompani za madini hazichukui kila mtu.

Wanasema: «Ni watu wazima, muwaache.» Kama wangekuwa majirani, sawa, tungewaacha. Lakini tazameni kambini. Komanda ndiye anasaini ruhusa yako ya kwenda kuzika mama. Ndiye anapanga nani analinda usiku, nani anabaki ofisini, nani anatumwa mbele kwenye risasi. Ripoti yake inakupandisha gradi au inakuingiza kasho. Mtu kama huyo akikuandikia saa tano usiku «uko peke yako?», utamjibu kama unavyomjibu kijana wa mtaa? Hata ukimpenda kweli, na inatokea, siku ukichoka utamwacha namna gani? Asubuhi kwenye paradi, yeye ndiye anasimama mbele yako.

Halafu kikosi chote kinaangalia. Mpenzi wa komanda akikosa zamu, hakuna anayeuliza. Mwenzake analinda mara mbili. Jeshi la nchi kavu la Marekani linakataza ofisa kutongozana na askari wa kawaida hata kama hawako kikosi kimoja. Sisi hatuombi kufika huko, tunaona ni kupita kiasi.

Kwetu, kila mtu anajua artikle 15, ile ya kujitafutia. Artikle 28 ya Katiba ya 2006, hiyo wengi hawaijui. Inasema hakuna anayelazimika kutekeleza amri ambayo ni wazi kwamba inavunja sheria. Amri ikikanyaga haki za mtu au maadili mema, wajibu wa kutii umekwisha. Inagusa kila mtumishi wa Serikali, basi na askari yumo. Tena sheria ya 20 Julai 2006 juu ya unyanyasaji wa ngono iliweka kifungo cha mwaka 1 mpaka 12 kwa anayetumia mamlaka ya kazi yake kumsumbua mtu ili alale naye. Shida iko hapa: sheria hiyo iliweka kwamba kesi haianzi mpaka aliyeumizwa mwenyewe alalamike, na hakimu wa jeshi lazima awe na cheo sawa na cha mshitakiwa, au zaidi. Kaporali wa miaka 20 amshitaki koloneli, halafu arudi kulala kambi ile ile?

Hatuombi mapenzi yafungwe. Wawili wakipendana, waseme wazi, na mmoja atoke chini ya amri ya mwingine. Anayehama awe mwenye galoni, si yule mdogo kutupwa mbali kama vile yeye ndiye mkosaji. Na malalamiko yasipitie kwa komanda yule yule.

Dada yako ao kaka yako akienda kujiandikisha, mfundishe artikle 28 mbele ya kupanda gari. Aishike kichwani, juu kule simu wanaweza kuichukua.