Wizara, Wakulima na Mlango wa Brussels



Mkataba wa Roma ulipotiwa sahihi mwaka 1957, nchi sita za Ulaya Magharibi zilikubaliana kujenga soko la pamoja. Mengi yamesemwa juu ya ushuru na bei. Machache yamesemwa juu ya yale yaliyompata mtumishi wa serikali ndani ya wizara yake.

Tutazame Ufaransa. Zamani chama kikuu cha wakulima, FNSEA, kikitaka bei ya ngano ipande, kilibisha hodi katika Wizara ya Kilimo mjini Paris. Wizara ilisikiliza, ikapima, ikakata shauri. Siasa ya pamoja ya kilimo ilipoanza mwaka 1962, shauri hilo lilihamia Brussels, katika kikao cha mawaziri wa nchi zote. Huko waziri wa Ufaransa alikuwa mdai miongoni mwa wadai wenzake, naye alihitaji takwimu za chama na nguvu ya chama nyuma yake. Aliyekuwa hakimu akageuka wakili.

Tume ya Ulaya nayo ina upungufu wake. Hata leo watumishi wake ni kiasi cha 32,000 kwa watu wapatao milioni 450, wala haina mabwana shamba vijijini. Kwa hiyo huutegemea ujuzi wa wenye maslahi. Tume ilipendelea kuzungumza na chombo kimoja kuliko chama cha kila nchi, na mwaka 1958 wakulima wakaunda COPA. Baadaye Tume ilianza hata kuvipa ruzuku vyama vya walaji na vya mazingira, ili wenye viwanda wasitawale mazungumzo. Ni ajabu kidogo: ofisi kumlipa mtu aje kuilalamikia!

Je, anayesikika ni nani? Mpango wa Sicco Mansholt wa mwaka 1968 ulitaka watu wapatao milioni 5 waache kilimo, mashamba yaunganishwe. Februari 1971 wakulima waliingiza ng'ombe katika kikao cha mawaziri. Mwezi uliofuata makumi ya maelfu waliandamana Brussels, na mtu mmoja akafa. Mpango ulilegezwa sana.

Tangu mwaka 2011 Tume na Bunge la Ulaya zina daftari moja la washawishi, na waliojiandikisha wamepita 12,000. Kampuni kubwa huwa na maofisa wake Brussels mwaka mzima. Mfugaji mdogo wa Bretagne hukieleza chama cha wilaya, nacho hukieleza cha taifa, nacho huieleza COPA. Na malalamiko yake yanapofika, yamekwisha kuchanganywa na ya wenye mashamba makubwa ya ngano.