Kidogo na -Chache: Nomino Zinazohesabika na Zisizohesabika katika Kiswahili na Kiingereza, kwa Mifano kutoka Tunduma



1. Utangulizi

Katika shule za sekondari za Tanzania, somo la Kiingereza hufikia mahali ambapo mwalimu huandika ubaoni safu mbili za maneno. Katika safu ya kwanza huandika "many" na "few". Katika safu ya pili, "much" na "little". Kisha huwaeleza wanafunzi kwamba maneno ya safu ya kwanza huandamana na nomino zinazohesabika na ya safu ya pili huandamana na nomino zisizohesabika. Mara nyingi maelezo hayo hufuatiwa na kauli kwamba Kiswahili hakina tofauti hiyo, na kwamba hii ndiyo sababu ya makosa ya wanafunzi.

Mhadhara huu unakusudia kuonyesha kwamba kauli hiyo si sahihi. Kiswahili kinayo tofauti baina ya kinachohesabika na kinachopimwa, ila hakiionyeshi mahali pale pale inapoonyeshwa na Kiingereza. Kiingereza huionyesha katika wingi na katika uchache. Kiswahili huionyesha zaidi katika uchache, yaani katika uteuzi wa ama -chache ama kidogo. Mwalimu anayeanzia hapo humfundisha mwanafunzi jambo jipya kwa kutumia maarifa aliyokuja nayo kutoka nyumbani.

Suala hili si la kinadharia tu. Mwaka 1982, Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza Kiswahili kitumike kufundishia katika shule za sekondari. Pendekezo hilo halikutekelezwa, na Kiingereza kimeendelea kuwa lugha ya kufundishia katika ngazi hiyo. Kwa hiyo, mwanafunzi asiyeweza kutofautisha "few" na "little" hapungukiwi katika somo la Kiingereza peke yake. Hupungukiwa pia katika kemia anapoeleza kiasi cha maji, na katika jiografia anapoeleza kiasi cha mvua au idadi ya watu.

2. Tunduma kama uwanja wa mifano

Mifano ya mhadhara huu imejengwa juu ya maisha ya Tunduma, mji wa mpakani katika Mkoa wa Songwe, mkoa uliomegwa kutoka Mkoa wa Mbeya mwaka 2016. Ng'ambo ya mpaka upo mji wa Nakonde, nchini Zambia. Barabara kuu ya kwenda Zambia na reli ya TAZARA hupita hapo, na mwaka 2019 kilizinduliwa kituo cha pamoja cha forodha kinachozihudumia nchi zote mbili.

Kwa mwanaisimu, mji huu una sifa mbili. Kwanza, lugha nyingi hukutana hapo. Kinyamwanga husemwa pande zote mbili za mpaka, Kinyiha husemwa katika Wilaya ya Mbozi, na Kiswahili huwaunganisha watu wa asili mbalimbali. Kiingereza, ambacho ndicho lugha rasmi ya Zambia, humngoja mfanyabiashara hatua chache kutoka dukani kwake. Pili, shughuli kubwa ya mji ni biashara ya nafaka na usafirishaji wa mizigo, yaani kazi ya kuhesabu na kupima kutwa kucha. Mtoto aliyelelewa karibu na soko hilo hawezi kusemwa kuwa hajui kutenganisha idadi na kiasi.

3. Wingi: kivumishi -ingi

Otto Jespersen, katika kitabu chake cha mwaka 1924 kuhusu falsafa ya sarufi, alitenga maneno yanayotaja vitu vyenye umbo na mipaka, ambavyo huweza kuhesabiwa, na maneno yanayotaja vitu visivyo na mipaka hiyo, kama maji au dhahabu. Kiingereza kimeijenga tofauti hiyo ndani ya sarufi yake: "many traders" lakini "much water".

Katika Kiswahili, kivumishi -ingi hutumika kwa aina zote mbili. Husemwa wafanyabiashara wengi, malori mengi, maji mengi, mchele mwingi na sukari nyingi. Umbo la kivumishi hubadilika kufuata ngeli ya nomino, na si kufuata swali la kama kitu kinahesabika. Hapa ndipo ilipozaliwa dhana kwamba Kiswahili hakitofautishi.

Hata hivyo, Kiingereza nacho kina maneno yanayofanya kazi kama -ingi. Husemwa "a lot of traders" na "a lot of water". Vivyo hivyo "more", "enough" na "all" hutumika pande zote mbili. Tena, katika sentensi yakinishi za mazungumzo ya kawaida, Waingereza wenyewe hupendelea "a lot of" kuliko "much", ambalo husikika zaidi katika sentensi kanushi na za kuuliza. Kwa hiyo mfumo wa Kiswahili si mgeni kwa Kiingereza, na mwanafunzi anaweza kuonyeshwa hilo tangu siku ya kwanza.

4. Uchache: -chache na kidogo

Tofauti inayotafutwa hujitokeza mara moja tunapotoka kwenye wingi na kuingia kwenye uchache. Katika Kiswahili Sanifu husemwa wafanyabiashara wachache, malori machache na siku chache. Lakini husemwa maji kidogo, mchele kidogo, sukari kidogo na unga kidogo. Mtu akisema mchele mchache, msikilizaji husita. Akisema malori kidogo, husita vilevile.

Tofauti hii imo hata katika maumbo. Neno -chache hupokea kiambishi cha upatanisho cha nomino, kwa kuwa linahusu idadi ya vitu ambavyo nomino hiyo huvitaja. Neno kidogo halipokei kiambishi hicho. Hubaki na ki- yake, iwe ni maji, unga au chumvi. Jozi hii inalingana kwa karibu na "few" na "little".

Jozi nyingine ni ya maswali. Malori mangapi? ni swali la idadi. Maji kiasi gani? ni swali la kipimo. Tofauti hiyo ndiyo iliyopo kati ya "how many" na "how much". Na pale mteja katika mgahawa anapoulizwa chai ngapi?, wote wawili huelewa kwamba kinachohesabiwa ni vikombe. Kiingereza nacho hufanya hivyo mtu anapoagiza "two teas".

Kuna jambo moja zaidi ambalo mwanafunzi hulipata kwa shida: tofauti ya "little" na "a little", au ya "few" na "a few". Neno la kwanza katika kila jozi huelekea kwenye upungufu. La pili hueleza kwamba kitu kipo, japo si kingi. Kiswahili huelekea kueleza tofauti hiyo kwa mpangilio wa sentensi. Dereva anayesema kuna dizeli kidogo anatoa matumaini. Anayesema dizeli iliyobaki ni kidogo anatoa tahadhari. Sentensi ya kwanza ni "a little" na ya pili ni "little". Pia neno tu linaweza kufanya kazi hiyo: wamebaki wachache tu.

5. Soko la nafaka

Nadharia hii inaweza kupimwa kwa bidhaa za sokoni. Baadhi ya majina ya nafaka huchukua upatanisho wa umoja: ulezi mwingi umevunwa, mpunga mwingi umevunwa, ngano nyingi imevunwa. Mengine huchukua upatanisho wa wingi: mahindi mengi yamevunwa, maharage mengi yamevunwa, karanga nyingi zimevunwa.

Kiingereza huyagawa hivi: ulezi, mpunga na ngano huchukua "much", nayo maharage na karanga, yaani "beans" na "groundnuts", huchukua "many". Hadi hapo lugha hizi mbili zinakubaliana. Zinapoachana ni kwenye mahindi. Neno "maize" halihesabiki, ilhali mahindi yana umbo la wingi na upatanisho wa wingi. Basi mwanafunzi anayeandika "many maizes" hajabahatisha. Amefuata kwa uaminifu sarufi ya lugha yake.

Upatanisho peke yake, basi, hautoshi kuwa kigezo. Hata maji, maziwa na mafuta yana upatanisho wa wingi, na pesa pia: pesa nyingi zimetumika. Kigezo cha kidogo ndicho kinachosaidia. Husemwa maji kidogo, mafuta kidogo na pesa kidogo, na Kiingereza huafiki kwa "little water", "little oil" na "little money". Mahindi yenyewe yana nafasi mbili. Mahindi machache ni yale yanayochomwa kando ya barabara, moja moja. Mahindi kidogo ni yale yaliyobaki ghalani. Neno "maize" ni la ghalani. Kwa yale ya kuchoma, Kiingereza hutumia neno jingine, "cobs".

6. Kipimo na chombo

Lugha zote mbili zina njia moja ya kukihesabu kisichohesabika: kukitia katika chombo au kipimo. Husemwa magunia mawili ya unga, madebe matatu ya ulezi, kilo tano za sukari. Upatanisho wa sentensi hufuata kipimo: magunia mawili ya unga yameletwa. Kiingereza hufanya vivyo hivyo kwa "two bags of flour".

Soko linafundisha kwamba tofauti ya idadi na kiasi ina gharama. Lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kiasi na kushonewa kilemba, huhesabiwa kuwa gunia moja hali uzito wake umezidi. Mkulima hulipwa kwa idadi huku mnunuzi akichukua kwa kiasi. Ndiyo maana Wakala wa Vipimo hupiga vita lumbesa na kusisitiza mizani, na kwamba gunia lisizidi kilo 100. Mkulima anayelalamikia lumbesa anaijua vema tofauti ambayo inadaiwa haimo katika lugha yake.

7. Mipaka ya kigezo

Kigezo kilichopendekezwa kina mipaka ya aina mbili. Kwanza, yapo majina ambayo Kiswahili huyahesabu na Kiingereza hakiyahesabu: habari, taarifa, samani, vifaa na mizigo. Husemwa taarifa chache na mizigo michache, lakini Kiingereza hakina wingi wa "information" wala wa "luggage". Kwa mji unaoishi kwa mizigo, kosa la "luggages" ni la kutarajiwa. Orodha hii si ndefu, na inafaa ifundishwe kama orodha.

Pili, baadhi ya majina ambayo Kiswahili huweza kuyapima, Kiingereza huyahesabu. Husemwa maharage kidogo na karanga kidogo, lakini "beans" na "groundnuts" huchukua "few". Hapa mwanafunzi afundishwe kulitazama neno la Kiingereza lenyewe: likiwa na alama ya wingi kama hizo, "little" halifai.

8. Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba Kiswahili hutofautisha idadi na kiasi kwa -chache na kidogo, kwa -ngapi na kiasi gani, na kwa miundo ya vipimo. Kinachopendekezwa ni kwamba ufundishaji uanze na uchache kabla ya wingi. Mwanafunzi aulizwe kwanza kama husema kidogo au -chache, kisha alitazame umbo la neno la Kiingereza, na mwisho ajifunze orodha ya maneno yasiyofuata utaratibu huo. Mwanafunzi wa Tunduma anayeandika "many maizes" anastahili kusahihishwa, lakini hastahili kuambiwa kwamba lugha yake haijui kupima.